Raya Alisogeza Saa, Bibi Yake Akafuturu

Mpendwa Shangazi Wahida, shikamoo, naomba msaada wako maana tangu Ijumaa niko kama mtu anayetembea ndotoni. Mwanangu Raya ana miaka kumi na mitatu, nilimpa simu yangu ya zamani na fundi akaiwekea programu ya kuchuja mtandao, mwezi huu wa Ramadhani ifunguke magharibi tu tukishafuturu, nikajiona nimemaliza kazi, kumbe mtoto amegundua kwamba ukiisogeza mbele saa ya simu, programu inadhani jua limekuchwa na inafungua kila kitu. Ijumaa mvua ilikuwa inapiga bati, mbingu nyeupe kama tui, hujui ni alasiri au magharibi, msikiti hausikiki, na simu hiyo hiyo ndiyo inayotuadhinia. Ikaadhini, nikampa mama mkwe wangu, Bi Sikuzani, tende, nikamwambia, "Mama, muda umeingia," akaomba dua, akala, nami nikala. Mvua ilipokatika ndipo nikasikia adhana ya msikitini. Raya akalia, akasema alitaka tu kutazama theluji ikianguka nchi za mbali, nikamnyang'anya simu nimchape, jicho likaangukia ile theluji, inashuka polepole, haina sauti, Shangazi, nikasahau hasira zangu. Bi Sikuzani masikio yake mazito, adhana ya pili hakuisikia, na hujisifu kwamba tangu uzee umwingie hajaacha kufunga hata siku moja. Nikimwambia atamchukia mjukuu wake, nisipomwambia saumu yake ya siku ile imepotea. Ninyamaze?
Mardhiya, Zinga

Mardhiya mwanangu, marahaba. Pole, lakini pole yangu usiifanye mto ukailalia. Mtoto amekuzidi wewe na fundi wako, na mkiibana hiyo saa atapata njia nyingine, wenzake shuleni wanafundishana. Uliiachia programu ikulelee mwana, kisha simu hiyo hiyo ukaikabidhi na saumu yako. Saa ya ukutani hamna?

Theluji si haramu. Itazameni pamoja mchana, mkeka mmoja, umuulize anaota kwenda wapi. Hata mimi, niseme kweli, natamani kuiona. Ila saa ya simu airudishe mbele ya macho yako, na akitaka mtandao akuombe wewe.

Kuhusu Bi Sikuzani, hapana kunyamaza. Hukumu kamuulize sheikh wenu. Nijuavyo mimi, siku hiyo mtailipa baada ya Idi. Raya aseme mwenyewe alichofanya, nawe uwe ubavuni mwake, si nyuma ya mlango. Bibi akifoka, mwacheni afoke. Siku ya kulipa, Raya naye afunge.

Unamsingizia mtoto hofu yako. Mama wa watu hakuisikia hiyo simu, masikio yake umeyataja mwenyewe. Alikula kwa neno lako. Hilo mwambie wewe, leo, kabla hajafuturu.