Sukari Aliyekatiza Rozari

Karu, karu, karu, gizani. Eusta, nimejificha jikoni, nacheka huku nalia.

Jumuiya wamekuja kusali kwangu jioni hii, na mwenyekiti wetu, Mzee Idefonsi, katokea sokoni na mfuko wake wa samaki wakavu, kaubwaga pembeni. Umeme ukakatika katikati ya rozari, na mimi ndiye naongoza. Ndipo nikasikia mtafuno nyuma ya pazia.

Ni Sukari. Paka wangu, Eusta. Tangu daktari wa mifugo apime damu na kumkuta na kirusi cha leukemia, kile cha paka kwa paka, kisichompata mtu, alikuwa hagusi chakula. Wewe mwenyewe ulisikia daktari akisema asipokula wiki hii tutampoteza.

Basi nikaiacha Salamu Maria njiani, nikapaza sauti, "Anakula! Jamani, anakula!"

Mzee Idefonsi akauliza polepole, "Nani anakula, mama Iteka, na sisi bado tunasali?"

Nilishauma kitenge kwa kicheko. Mbele ya jumuiya nzima, Eusta.

Iteka wangu akachukua simu, akamulika nyuma ya pazia, akamjibu mzee bila wasiwasi wowote:

"Babu, paka wetu mgonjwa anakula samaki wako."