Kwa Filbert, Aliyewafungia Wanawe Vitambaa Vyekundu

Baba Timoth, mwaka umetimia wiki hii tangu ulipogongwa na lori pale Makambako, ukivuka barabara kufuata misumari. Wengine huandika gazetini kwamba jeraha limeanza kupona. Letu bado bichi, na hasira ndiyo kwanza inachemka, kwa hiyo utatusamehe.

Ulikuwa fundi seremala, na kitanda cha mtu hukukichelewesha hata siku moja. Kila uliyekutana naye mtaani kwetu Ramadhani ulimsalimia "Kamwene", hata aliyekununia jana yake. Chai uliinywa ya moto hadi mdomo ukababuka, ukasema baridi ya Njombe haina dawa nyingine.

Kila Desemba shule zikifungwa ulimchukua Timoth, na Aron naye alipofikisha miaka saba. Kila mtu na begi lake mgongoni. Mlishuka garini njiani, mkakata mashamba ya miti kwa miguu, mkalala kwenye hema ulilolishona mwenyewe kwa turubai, na kesho yake mkaingia Mlangali kwa mama yako Eufrasia. Mliporudi mlinuka kama beberu. Niliwazuia mlangoni mpaka muoge, nawe unacheka tu.

Safari ya mwisho mlirudi salama, na wiki tatu baadaye ukafariki. Siku ya pili ya msiba, mdogo wako Sila alilifungua begi la Aron mbele ya waombolezaji, akamwaga vilivyomo mkekani: kitambaa chekundu, kipande cha mkaa, mafuta ya kondoo kwenye kopo.

"Si mnaona?" akasema. "Kaka alikuwa analaza watoto porini. Mnadhani alifuata nini kule? Ndiyo haya yamemrudia."

Hadi leo nikikumbuka natema mate. Kitambaa ulikifunga begini ili ukungu ukishuka uwaone watoto wanakopita. Mkaa ulikuwa wa kusugulia meno. Mafuta yalikuwa ya miguu iliyochubuka. Sila alijua yote hayo, maana marehemu baba yenu alimtembeza njia hiyohiyo akiwa mdogo, na kitambaa chake begini.

Mama yako alimuuliza palepale, "Sila, mwanangu, si na wewe ulilala huko? Wewe nani alikuroga?"

Lakini watu walikuwa wameshasikia walichotaka kusikia. Watu wazima, wengine rozari shingoni, wakayachoma mabegi nyuma ya jiko, wanao wamesimama wanatazama. Kisha wakanawa mikono, wakaketi, wakaomba waongezewe nyama. Kinyaa kitupu! Walikula kwako, Filbert, huku wakikutafuna wewe.

Sumu hiyo iliwaingia watoto. Timoth alikaa miezi mingi bila kukutaja. Aron aliniuliza juzi, "Mama, baba alikuwa mchawi?" Nikamwambia hapana. Nikamwona usoni kwamba hapana yangu haimtoshi.

Basi Jumamosi hii nawapeleka Mlangali mimi, Oktavia, niliyekuwa siwezi kuvumilia hata harufu ya moshi kwenye nguo. Nimeomba turubai kwa fundi mwenzio. Njia siijui, na nimewaambia hivyo. Nilisema tutafuata barabara kubwa tu. Timoth akasema, "Hapana, mama. Baba huwa anapita kushoto, kwenye kijito. Nitatangulia mimi."

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, wanao Timoth na Aron, mama yako Eufrasia na dada yako Fidelia. Jina la Sila halimo, na mchapaji hajakosea. Akiwaambia watoto ukweli kwa kinywa chake, mwakani tutamwandika.

Wewe, Filbert, hatutakusahau kamwe.