Makadirio ya Salima yalikuwa yangu

Adriano, uko? Usicheke kwanza.

Unakumbuka ile grafiki nilimuonesha direkta juzi, mi nimevaa koti kabisa? Makadirio yangu hapa depo Gitega ya mbegu za maharage zitakazohitajika Muyinga, na ya Salima wa duka la huko huko. Mistari miwili inalaliana kama maharusi. Nikasema, "Direkta, tukikubaliana hivi hatuwezi kukosea." Nilisema hivyo, na mdomo huu.

Leo Salima kapiga. Magunia yake 40 yameisha kwa siku mbili. Hapo jirani Butihinda wamerudi wakimbizi wengi toka Tanzania, yalihitajika kama 100.

Nikamuuliza, "Si we mwenyewe uliandika 40?"
"Kaka, niliona kwa faili umeandika 40. Mi nani nikupinge? Nikaandika hiyo hiyo."
"Misimu yote?"
"Yote, kaka. Kwa heshima."

Kwa heshima, Adriano. Na mi hiyo 40 niliitoa wapi? Kwa yake ya msimu uliopita. Miaka mitatu tunanakiliana, na mi naita hiyo hesabu.

Sitoki ya depo iko zero, hakuna hata gunia. Magunia ya mwisho yalienda Bukirasazi, yameshapandwa. Mvua imeanza.

Halafu Salima akampa simu mama mmoja, Efrazia, katembea toka Butihinda na kikapu. Nikatafuta utani, sikupata. Akauliza polepole tu, "Baba, shamba nimeshalima. Sasa nipande nini?"

Nikamwambia simsikii vizuri, rezo ya simu inakata.

Nilimsikia vizuri sana.