Kidole Gumba cha Dada Paskalina

Dada yangu Paskalina,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana, kwa sababu nikianza kwa upole najikuta nakugombeza. Basi acha nikugombeze. Ni wewe uliyesema kwamba mimi hata mbu akiniuma nitamwandikia barua ya onyo.

Mwanao Neema anaumwa. Ana miaka minne, na viganja vyake vimepauka kama vyako siku zile. Akipanda kilima kile kifupi cha kwa Mama, Mbulumbulu, anakaa chini katikati ya njia na kusema anaangalia wadudu. Wewe ulikuwa unasema unahesabu ng'ombe wa watu. Ulikuwa huhesabu kitu, dada. Ulikuwa unatafuta pumzi, ukatuficha, na sisi tukacheka.

Nilimleta hapa Karatu, kwenye hospitali ninayofanyia kazi. Faili lake nililifungua mwenyewe pale masjala, nikakosea hata jina la kijiji chetu. Daktari alimpima damu, kisha akamshika mkono na kukiangalia kidole gumba. Kirefu, chembamba, kina pingili tatu kama vidole vingine. Akauliza amekirithi kwa nani. Nikacheka kwa mazoea, nikasema ni cha mama yake. Daktari hakucheka. Aliuliza mama yake yuko wapi.

Kidole kile! Unakumbuka Mang'ola, ulivyochambua vitunguu kuliko wote, na wenye malori wakikutania kwamba umeongezewa kifaa? Mama alikiita kidole cha baraka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini kiko vile. Mimi niliyesoma baiolojia mpaka kidato cha sita nilikiona kila siku, nami sikuuliza.

Daktari anasema kuna ugonjwa wa kurithi ambao wakati mwingine huja na kidole cha namna hiyo. Hana uhakika, ndiyo maana anataka Neema apelekwe Moshi, atolewe uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga, ukapimwe. Alinieleza taratibu. Ndani ya uboho kuna seli chache ambazo damu yote huzaliwa kutokana nazo. Kila seli ina vijiwanda vidogo vya kutengeneza protini, vinaitwa ribosomu. Seli hizo, zilizo mama wa damu, huvitumia kwa kujizuia sana. Hutengeneza protini polepole kuliko seli zinazotokana nazo, na utulivu huo ndio unaozidumisha. Zikiharakishwa, zinachoka. Vijiwanda navyo vikiwa na hitilafu, uzazi wa damu unakwama, hasa wa chembe nyekundu.

Nilipomsikiliza nilikumbuka vitunguu vyako vya mbegu. Ulichagua vilivyo bora, ukavilaza kwenye chanja, pakavu, vikasubiri. Mimi, mtoto wa shule niliyetaka kusaidia, nikavimwagia maji. Vingine vikaota kabla ya siku yake, vingine vikaoza. Hukunipiga. Uliniambia tu, "Havikuwa na kiu. Ungeniuliza."

Nami nikarudia kosa lile lile juu ya mwili wako. Ulipolegea nilikuletea vidonge vya madini ya chuma kila mwezi, nikazidisha hata kipimo alichoandika daktari. Mama akaongeza maini na juisi nyekundu ya choya. Uliongezewa damu ya watu mara ngapi, nayo ina chuma chake, na sisi bado tulikujaza. Chuma hukukosa. Nakasirika hadi kichwa kinauma. Kwa nini ulimeza vyote bila kusema havisaidii? Kwa nini sikuuliza?

Tangu tulipokuzika, Mama ndiye mlezi wa Neema, na bila ridhaa yake hakuna safari. Wiki mbili amekataa. "Mtoto ana damu kidogo, nyie mnataka kumtoa na hiyo iliyobaki?" Kisha anaweka maini jikoni. Nimebembeleza, nimenyamaza, nimerudi kazini nikapanga mafaili ya watu wengine.

Jumamosi nilikwenda tena, na fomu na kisahani cha wino. Nilimkuta anapukuchua maharage. Niliogopa kama ninavyoogopa kila kitu, lakini nikamwambia habari ya vidonge, kwamba mimi ndiye niliyezidisha. Halafu nikasema, "Mama, Paskalina hukumnyima chakula."

Mikono yake ikasimama. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakikataa muda wote.

"Kwa hiyo si chakula?"

"Si chakula, Mama. Alizaliwa na ugonjwa huu."

Aliyasogeza maharage pembeni. Kisha akafuta mkono kwenye kanga, akaninyooshea kidole gumba, kwa kuwa kalamu hakuwahi kufundishwa. Baada ya kugandamiza aliuvuta mkono wa Neema, akakiangalia kile kidole kwa muda mrefu. "Na mimi nilikuwa nakisifu," akasema.

Jumatatu tunaondoka Karatu sote watatu. Daktari ametaka na damu yangu, maana ugonjwa huu unaweza kukaa kwa mtu bila kidole hicho wala dalili. Nimekubali. Nisingependa nikudanganye: hakuahidi kupona. Amesema zipo dawa zinazosaidia baadhi ya wagonjwa, na kwamba kwanza tujue. Ninaogopa, dada, lakini nimechoka kubahatisha.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa ungelicheka. Nilipokuwa nasubiri wino ukauke, Neema alichovya kidole chake na kukigandamiza kando ya cha bibi yake. Alama ndefu, nyembamba, imeingia hadi kwenye sehemu ya matumizi ya ofisi. Kwa taratibu za masjala, fomu ile imeharibika. Nilikuwa na nyingine kwenye mkoba.

Sikuitoa.

Mdogo wako, karani mwoga,
Emanuel