Wizi ambao sikuuandika

Alhamisi, Makiso. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua likatoka kwa hasira, na sasa barabara nzima inafuka mvuke. Nimekaa barazani, shati limegandana na mgongo. Nimefuta sentensi ya kwanza mara sita. Kwa kawaida sentensi ya kwanza hunijia hata kabla sijapata miwani.

Leo sijui niko upande gani.

Wanaonisoma siku nyingi watacheka, najua. Mimi ndiye niliyegombana na walimu, mapadri, mashehe wa mtaani kwetu na vijana wa michezo ya simu, na sikumbuki kuondoka kwenye ugomvi hata mmoja bila kusema neno la mwisho. Na katika jambo hili hasa, neno la mwisho nilidhani nimelisema zamani.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mchezo wa video kuna hadithi, na kuna vile vitu ambavyo mchezo unakuruhusu kufanya kwa vidole. Askari anapigwa risasi kumi na mbili, anakula mkate, anapona. Shujaa anaingia nyumba ya watu, anavunja mitungi yao yote mbele ya macho yao, na mwenye nyumba anaendelea kufagia. Je, hayo yametokea kweli ndani ya dunia ile? Mkate wa kule unaponya risasi? Mimi nilijibu hapana. Niliandika hapa hapa kwamba vidole havisimulii. Kanuni za kucheza, nilisema, ni kama pazia na taa za jukwaani: zinatusaidia kuona, lakini hakuna mhusika anayeishi chini ya taa. Ukweli wa hadithi ni ule mwandishi aliouandika, basi. Walionipinga niliwaita mahakimu wa vitufe. Nilifurahia sana jina hilo.

Kisha nikaandika hadithi ya mchezo mimi mwenyewe.

Zaina, mtoto wa dada yangu, anatengeneza michezo ya simu pamoja na wenzake wawili, katika chumba nyuma ya duka la vitambaa. Alinitaka nimbunie mji wa mtoni, wenye historia yake na sheria zake. Nikambunia Yabeka. Kuna nyumba tano, na kila nyumba ina mahali pake kwenye maporomoko, magogo yake yaliyosimikwa katikati ya mawe, na migono yake, yale matenga makubwa ya kutegea samaki. Sheria ya Yabeka ni moja tu: hakuna anayegusa mgono wa nyumba nyingine. Katika hadithi yangu mtu mmoja aligusa. Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Waliacha kumsalimia. Siku ya tisa akapanda mtumbwi wake akaondoka, na historia yote ya mji inaanzia hapo.

Sikuitunga sheria hiyo kutoka hewani. Mimi ni mtoto wa mafundi cherehani, babu zangu walifika na misafara ya biashara, na kuhusu migono nilijua kula samaki tu. Aliyenifundisha ni Papa Dieudonné, mvuvi wa maporomoko, rafiki yangu tangu shule ya sekondari. Msimu mzima alinikalisha juu ya mawe akanionyesha namna wanavyofunga magogo kwa kamba za mwituni. Alinionyesha hata fundo la babu yake, ambalo nyumba yake peke yake hulifunga hivyo, na ukiliona kwa mbali unajua mgono ni wa nani. Kabla ya kunionyesha alikwenda kuomba ruhusa kwa wakubwa wa familia. Walikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniwekea dhamana ya jina lake, wakakubali. Zaina akalichora fundo lile vizuri kabisa, na likawa alama ya mojawapo ya zile nyumba tano za Yabeka.

Jumamosi hii mchezo ulikuwa uonyeshwe mbele ya watu, katika ukumbi hapa Makiso. Papa Dieudonné na wakubwa wake walipangiwa mstari wa mbele, na Zaina alikuwa amekwisha kumtumia mchezo kwenye simu autazame kwanza.

Jana alinipigia simu. "Ramazani, kuja. Kuja uone bibi yangu anaiba."

Nilidhani ni utani. Nilipanda toleka, na mwendesha baiskeli alilalamikia uzito wangu njia nzima. Nilimkuta Papa Dieudonné amesimama mlangoni na mikono nyuma. Ndani, mke wake, Mama Béa, alikuwa ameinamia simu, ulimi umemtoka kidogo pembeni kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Tonton Ramazani, karibu. Niko na samaki makumi ine!"

Nilitazama. Mtu wake alikuwa anatembea juu ya magogo ya Yabeka, anainua mgono, anatia samaki mfukoni, anakwenda kwenye mgono unaofuata. Ulikuwa na fundo la babu. Akauinua. Ukafuata mwingine, nao ulikuwa na fundo lile lile. Mama Béa anacheza kama mtu wa nyumba nyingine kabisa, alimchagua kwa sababu ya rangi ya kitambaa chake.

"Na angalia ule muzee kando ya mayi," alisema Papa Dieudonné. "Anamuona. Anamuambia nini?"

Mzee wa kwenye mchezo aliinua mkono. Maneno yakatokea juu ya kichwa chake: Habari za asubuhi, mtoto wa mto.

"Anamuambia bonjour! Mwizi anapita na mufuko yangu ya samaki, wanamuambia bonjour. Ramazani, donc sisi ni watu wa namna hii?"

"Niache, papa," alisema Mama Béa bila kuinua macho. Yeye kwao ni Lubunga, ng'ambo ya mto. "Miaka makumi mbili na saba niko mu hii nyumba, siku moja hata hamukuniacha niinue mugono. Leo nainua yote."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikafundisha. Nilimweleza rafiki yangu, nikiwa nimesimama, kwamba anachofanya kidole cha Mama Béa hakimo katika hadithi. Yabeka ya kweli ni ile niliyoiandika, na humo hakuna anayegusa mgono wa mwenzake. Nikamwambia sheria imeandikwa katika kitabu kilichowekwa ndani ya nyumba ya chifu, ndani ya mchezo wenyewe. Anayetaka atakwenda kukifungua.

"Mama Béa, umefungua kitabu?"

"Kitabu gani? Miye niliona samaki."

Papa Dieudonné hakucheka. "Miye nilikusemea kwa bakubwa," aliniambia, taratibu. "Niliwaambia, mutu huyu anaandika muzuri, hatatuharibia jina. Jumamosi wanakuja. Wanaiona hii. Miye nitaweka uso wapi?"

Wakati ule ule mtu wa Mama Béa aliteleza kwenye gogo akaanguka katika maji. Akazama. Kisha akatokea ukingoni, mkavu, na mfuko wake wa samaki umejaa vile vile.

Papa Dieudonné alimpoteza mdogo wake katika maporomoko yale yale. Nilikuwapo. Tulikaa siku tatu juu ya mawe tukitazama maji. Nikamwuliza kama jambo hilo nalo halimuumizi, mtu kuzama na kurudi hivi hivi.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma.

"Ah, ile? Ile iko mchezo tu."

Tangu jana sijatoka katika sentensi hiyo.

Kwa nini kufufuka ni mchezo tu, na kuiba si mchezo tu? Vyote viwili vinafanywa na vidole. Kama kanuni za kucheza ni sehemu ya dunia ile, basi Yabeka ni mji usio na vifo, na mjane wa sura ya nne, ambaye mume wake alizama nami nikamliza kurasa nane, ni mpumbavu, angengoja tu ukingoni. Kama si sehemu yake, basi hakuna mgono ulioguswa, na rafiki yangu amekasirishwa na kivuli. Huwezi kuchukua nusu. Nimewahi kuwakaripia watu hadharani kwa kuchukua nusu.

Na yeye amechukua nusu, na ninahisi amechukua ile iliyo sahihi.

Nimejaribu kujieleza. Labda ni kwa sababu hakuna atakayetoka kwenye mchezo akajaribu kufufuka, lakini mkono wowote unaweza kujifunza kuinua mgono wa jirani. Labda. Lakini hapo nitakuwa nimesema kwamba ukweli wa hadithi hauamuliwi na mwandishi. Unaamuliwa na mvuvi aliyesimama mlangoni mwake, anayejua ni lipi linaweza kumtokea na lipi haliwezi. Na Mama Béa je? Kwake yeye ule haukuwa wizi hata kidogo. Alikuwa anagusa kwa mara ya kwanza kitu alichokitazama miaka ishirini na saba. Huo nao ni ukweli wa Yabeka? Sikuuandika. Wala sikuufikiria.

Ndiyo, nimechanganyikiwa. Nimeliandika neno hilo hapa, na wale niliowaita mahakimu wa vitufe wanaruhusiwa kulikata na kulibandika ukutani.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, nilimpigia Zaina. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilimwuliza ni nani aliyefungua migono yote kwa watu wote.

"Tonton, juu ya nini unanikasirikia miye? Ni weye uliandika."

"Niliandika nini?"

"Vidole havisimulii! Mbele ya kuanza nilisoma ukurasa yako yote. Mwanzo migono ya wengine ilikuwa inakataa, mutu anabonyeza, hakuna kitu. Tulipowapa watu wajaribu, wakasema simu imekufa. Alors nikafungua. Nikasema, Tonton mwenyewe anasema haiharibu hadithi."

Nilimsikia akipumua upande wa pili, akingoja nianze kupiga kelele.

Alisema fundo linaweza kufutwa ifikapo kesho jioni, ni kazi ya saa chache. Tuweke alama nyingine yoyote, na wakubwa hawatajua. Nilimwambia nitafikiri.

Mvua ilipokatika nilifanya jambo ambalo, kwa aibu yangu, sikuwa nimelifanya katika miezi yote hii. Niliucheza mchezo. Niliyeandika kila mtaa wa Yabeka nilipotea dakika kumi nikitafuta njia ya kwenda mtoni. Nilifika kwenye magogo. Nilitaka kuona tu, kwa ajili ya hoja. Nikaenda kwenye mgono wenye fundo la babu yake Papa Dieudonné, nikabonyeza. Kambare mmoja akaingia mfukoni mwangu. Yule mzee akainua mkono: Habari za asubuhi, mtoto wa mto.

Nilitaka kumrudisha kambare.

Nilibonyeza tena, mgono ukainuka mtupu. Nikafungua mfuko, nikamgusa samaki, nikapewa njia mbili: kumla au kumuuza. Nikaenda hadi mlango wa nyumba yenye fundo, nikagonga. Mama mmoja alitoka, akasema leo kuna joto. Nikamsogelea kwa kila upande nikibonyeza kila kitufe. Leo kuna joto. Nikashuka tena mtoni, nikajaribu kumwacha samaki juu ya gogo, kisha majini, kisha kando ya mgono. Mchezo haukukubali. Nilikaa hivyo karibu saa nzima, mwanamume wa miaka hamsini na tatu, jasho likidondoka juu ya kioo, namtafutia samaki wa kuchorwa njia ya kurudi kwa mwenyewe.

Nimempigia Zaina tena. Nimemwambia asifute fundo. Kulifuta ni kuwaficha wenye nyumba ili wizi uendelee bila jina. Nimemwambia aweke njia ya kurudisha, na yule mzee wa ukingoni aache kumsalimia mtu mwenye samaki wa mwenzake mfukoni. Asiwafungie watu mkono. Mama Béa na ainue, lakini ajue ameinua mgono wa nani.

Alisema hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Nikasema basi Jumamosi haipo. Amefanya kazi miaka miwili kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo na kavu, kwamba mimi ndiye nitakayewaambia watu.

"Nitawaambia," nilisema.

"Na Papa Dieudonné?"

"Naye pia."

Asubuhi nitashuka kwenye maporomoko. Sijui kama atanipokea. Itabidi aende kwa wakubwa wake kabla hawajasikia kwa wengine, na nitamwomba niende pamoja naye, nikae pale watakaponiambia nikae, wanitukane mimi badala yake. Sitachukua karatasi yoyote. Nitamwuliza huko Yabeka mtu afanye nini akishagusa, kwa sababu nimegundua nilimfukuza mtu wangu siku ya tisa bila kumpa nafasi ya kurudisha kitu.

Andiko langu la zamani silifuti. Liko pale, lisomwe. Bado sijui ukweli wa dunia ya kubuni unakaa wapi, kwenye kalamu au kwenye kidole, na anayejua aniandikie hapa chini bila kunipigia kelele, ingawa najua kelele hizo nimezianzisha mimi.

Lakini kama kidole changu hakikufanya lolote, ile saa nzima nilikuwa naona aibu ya nini?