Maji ya Uchaguzi

Jumatano, Reynoldsburg

Bon, jana hakuna aliyepigwa. Uchaguzi wa huku ugenini ulikuwa wa kiti kimoja tu cha diwani, lakini mimi nimekulia Uvira, ambako kura huja na vurugu na watu hujifungia ndani. Nilijaza maji kwenye chupa, nikanunua unga wa fufu, nikamkataza binti yangu Neema kwenda shule. Akanicheka: “Mama, hata walimu hawajui kama kuna uchaguzi!” Akaenda. Akarudi.

Leo yule aliyeshindwa alipita mtaani kwetu, aking'oa mabango yake mwenyewe. Nilingoja aseme kura zimeibwa. Aliniambia tu asante kwa kumruhusu kusimika bango mbele ya nyumba. Nikampa chupa moja ya maji, akaimaliza palepale.

Baba Neema anasema basi, tunywe na yaliyobaki.

Hapana. Uchaguzi wa rais bado.