Pete Ndani ya Picha ya Taya

Ruiru,
19 Agosti 1957

Mpendwa mpwa wangu Mburu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Je, huko Kisumu hujambo? Mbu wamekubakiza? Hapa tunaendelea, baridi ni kali na kahawa inastawi vizuri.

Mimi ndiye mzee wa kwanza hapa Ruiru kupigwa picha ya kichwa, na daktari ameapa kwamba fuvu langu ni la kijana wa miaka ishirini. Basi, hilo la kijana nimelitunga. Alichosema ni kwamba kile kivimbe chini ya sikio langu, ambacho ulikuwa unakicheka, ni kansa ya tezi la mate.

Usianze kulia, sijamaliza kueleza.

Kule Thika hospitalini niliambiwa nivue kila kitu cha chuma. Nikavua mshipi, nikavua hata viatu kwa sababu ya misumari. Mpiga picha, anaitwa Omondi, akanilaza shavu juu ya kibao baridi, akanikataza kupumua. Picha ilipotoka kwenye maji ya dawa akaniita. "Mzee, hii taya yako imeoa? Naona pete."

Ilikuwa ile pete ya sikio, ya shaba, ya ujana wangu. Tulipobatizwa, mke wangu Waceke alikataza mapambo ya masikio, nami nikakubali mbele ya kanisa zima. Lakini huwa naikunja ndewe, ile nyama ya sikio iliyotobolewa, juu, pete inalala ndani, hakuna anayeona. Waceke alikuwa amesimama mlangoni. "Miaka kumi na mmoja," akasema, "na unaimba kwa sauti kumshinda mchungaji." Nikaikunjua ndewe, nikaivua.

Tukapiga ya pili bila pete. Walinipa ndimu ninyonye ili tundu la mate lionekane, kisha wakapitisha dawa ndani ya shavu kwa mpira mwembamba. Mifereji ya mate ilitokea kama tawi la mti wa kahawa, na mahali pamoja vitawi vimesukumwa kando. Hapo ndipo ilipo. Lakini mfupa bado ni safi, nimeuona kwa macho yangu.

Mama yako Ngendo hataki nikatwe kivimbe hicho. Daktari ameonya kwamba mshipa wa uso unapita hapo hapo, mdomo unaweza kulegea upande mmoja, na dada yangu anataka nizikwe nikiwa mzuri. Nimemwambia atangulie yeye aliye mzuri. Mimi nitacheka kwa nusu mdomo, na nusu hiyo itatosha kuwaudhi wote. Nakatwa Jumatatu tarehe 2 Septemba.

Pete nimeirudisha, sasa inaning'inia nje. Jana nimeingia nayo kanisani. Waceke amenuna mpaka leo.

Nisalimie mkeo Idah na mtoto Gathoni.

Sasa lile deni lako. Krismasi ulinipiga picha hapa mlangoni, nacheka na meno yangu yote manne, ukaahidi kuniletea. Picha alizo nazo daktari ni za mifupa tu. Itume ifike kabla ya hiyo Jumatatu, nimpe aibandike ukutani, ajue anatakiwa kurudisha nini.

Mungu aishike mikono yako huko kwenye chumba chako cha giza unamosafishia picha, na ya daktari pia.

Mjomba wako akupendaye kwa mdomo mzima,
Gathogo